Mwongozo wa kuanza kazi ya kitaaluma katika utafiti wa ubunifu, mikakati ya biashara na ushirikiano wa vyuo vikuu na viwanda

Nimeandika mwongozo huu kwa sababu maswali ninayoulizwa ni yale yale. Kila muhula hunijia mhandisi aliyechoka kuona vifaa vizuri vikiishia kabatini, au mchumi anayetaka kujua kwa nini kampuni mbili zilizoanza na mtaji sawa hazikufika mahali pamoja, au mhitimu wa uzamili ambaye ameambiwa tu asome kwanza kisha arudi. Wote huuliza: Je, ni lazima niwe nimesomea biashara? Nitaipataje kampuni itakayokubali kuzungumza nami? Na nikishapata data zake, nitaruhusiwa kuzichapisha? Swali la kwanza nalijibu hapa hapa: si lazima, kwa kuwa uwanja huu umejengwa na wachumi, wahandisi, wanasosholojia na hata wanabiolojia. Maswali mawili yaliyobaki ndiyo yanayoamua nani atamaliza na nani atakwama, kwa hiyo ndiyo yaliyochukua sehemu kubwa ya maelezo yanayofuata.

Kuna jambo moja la istilahi ambalo ni vyema tuelewane mapema. Katika mazungumzo ya kila siku uvumbuzi na ubunifu huchanganywa, lakini katika kazi hii uvumbuzi ni kupatikana kwa kitu au njia mpya, na ubunifu ni kitu hicho kilipowafikia watumiaji au njia hiyo ilipoanza kutumika. Mwongozo wa Oslo, ambao ndio msingi wa takwimu za ubunifu katika nchi nyingi, unashikilia hoja hiyo hiyo: bidhaa mpya iliyobaki maabara haihesabiwi. Ukizichanganya dhana hizi mbili katika ukurasa wa kwanza wa pendekezo lako la utafiti, msomaji makini ataanza kuyatilia shaka yote yanayofuata.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Shahada ya uzamili, au uzoefu wa kazi ambao chuo kitaukubali badala yake. Mhandisi aongeze kozi moja ya uchumi wa kampuni. Mchumi ajizoeze kukaa karakanani na kusikiliza.
- Mbinu moja ya utafiti unayoimudu barabara. Inaweza kuwa takwimu kwa kutumia programu kama R au Stata, au mahojiano na uchambuzi wa matini. Mbinu ya pili utajifunza njiani, lakini kuanza na mbili zote nusu nusu ni kujitafutia taabu.
- Muda. Shahada ya uzamivu huchukua miaka 3 hadi 5 katika mifumo mingi, na makala moja inaweza kumaliza zaidi ya mwaka kati ya siku ya kuiwasilisha na siku ya kuchapishwa.
- Kibali cha kamati ya maadili ya chuo chako, au angalau fomu zake zikiwa zimejazwa, kwa sababu hakuna data inayopaswa kukusanywa kabla yake.
- Namba ya ORCID, ambayo hutolewa bure na huzuia kazi zako zisichanganywe na za mtu mwenye jina kama lako.
- Orodha ya watu kumi unaofahamiana nao wanaofanya kazi katika kampuni, hata kama ni wanafunzi wenzako wa zamani walio katika ngazi za chini. Utaihitaji katika hatua ya 4.

Hatua kwa hatua

1. Ipunguze mada mpaka iwe swali. Ushirikiano wa vyuo vikuu na viwanda ni uwanja mzima, na mtu hawezi kutafiti uwanja. Tuseme umeanza na swali hili: "Je, ushirikiano na vyuo huzisaidia kampuni?" Hilo halijibiki, maana hujasema ni kampuni zipi, ni ushirikiano wa namna gani, wala ni msaada gani. Lisogeze: "Je, kampuni zinazoajiri wahitimu wa uzamivu hukamilisha miradi ya pamoja kwa wingi zaidi kuliko zisizowaajiri?" Hapo umeanza kuona utakachohesabu. Lisogeze tena: "Katika miradi ya pamoja iliyovunjika kabla ya muda wake, ni upande gani ulioacha kwanza, na ulikuwa umeshindwa kupata nini?" Sasa unajua utamhoji nani na utaomba kuona karatasi gani. Kipimo ninachowapa wanafunzi wangu ni hiki: kama huwezi kutaja jibu ambalo lingekuthibitishia kwamba ulikosea, bado hujapata swali.

2. Soma machache, kwa mpangilio. Anayeanza huzama katika mamia ya makala na kuibuka miezi sita baadaye akiwa na muhtasari mrefu usio na hoja. Anza na mawazo manne tu.

La kwanza ni la Joseph Schumpeter, aliyeonyesha katika nusu ya kwanza ya karne iliyopita kwamba ushindani mkubwa haufanywi kwa bei pekee bali kwa bidhaa na njia mpya zinazozifuta za zamani.

La pili ni la David Teece, ambaye mwaka 1986 alieleza kwa nini anayetangulia kubuni mara nyingi si yeye anayevuna. Mfano uliozoeleka ni mashine ya CT ya kupiga picha za ndani ya mwili. Kampuni ya EMI ya Uingereza ndiyo iliyoileta, mgonjwa wa kwanza alipigwa picha London mwaka 1971, na mhandisi wake, Godfrey Hounsfield, alishiriki Tuzo ya Nobel mwaka 1979. Hata hivyo, EMI ilijikuta ikiondoka katika biashara hiyo, na washindani kama General Electric, waliokuwa tayari na mtandao wa kuuza, kufundisha na kuhudumia mashine katika hospitali, wakabaki na soko. Ukikielewa kisa hiki utaelewa kwa nini ubunifu na mkakati wa biashara haviwezi kutenganishwa: kubuni ni kazi moja, na kumiliki vile vinavyohitajika ili ubunifu ufike kwa mtumiaji ni kazi nyingine.

La tatu ni la Wesley Cohen na Daniel Levinthal la mwaka 1990, kwamba kampuni hunufaika na maarifa ya nje kwa kadiri ya maarifa iliyonayo ndani. Kwa lugha rahisi, chuo kinaweza kuikabidhi kampuni matokeo bora kabisa, lakini kama hakuna mtu upande wa pili mwenye uwezo wa kuyasoma, matokeo hayo yatakaa kwenye rafu.

La nne linahusu vyuo vyenyewe. Tangu sheria ya Bayh-Dole ya mwaka 1980 ilipoviruhusu vyuo vya Marekani kumiliki uvumbuzi uliotokana na fedha za utafiti za serikali kuu, mijadala mingi imeelekezwa kwenye hataza (yaani haki ya kisheria ya kumiliki uvumbuzi), leseni na kampuni changa. Utafiti wa baadaye ulionyesha kwamba njia zinazotumiwa na wahadhiri wengi zaidi ni nyingine: ushauri wa kitaalamu, utafiti wa kandarasi, miradi ya pamoja na mazungumzo yasiyo rasmi. Mwanafunzi anayehesabu hataza peke yake anaangalia tawi na kuliita mti.

3. Mtafute msimamizi kwa kuangalia anavyofanya kazi. Soma makala zake tatu za karibuni, kisha tazama orodha ya waandishi wenzake. Kama wanafunzi wake wa zamani wamo, na baadhi yao wamewekwa mbele, hiyo ni dalili njema. Muulize waziwazi ni kampuni zipi au hazina zipi za data anazoweza kukusaidia kuzifikia. Barua ya kwanza isizidi nusu ukurasa, na iwe na swali lako la hatua ya 1, kwa sababu barua inayosema tu kwamba unavutiwa na ubunifu huwa inafanana na nyingine ishirini alizopokea wiki hiyo.

4. Ipate kampuni kabla hujakamilisha pendekezo. Hapa ndipo wengi wanapokosea mpangilio. Huandika pendekezo la kurasa arobaini, hulitetea, hupewa kibali, kisha ndipo wanapoanza kutafuta kampuni na kugundua kwamba hakuna inayotaka. Ifanye kazi hii sambamba na pendekezo, na uwe tayari kulirekebisha swali kulingana na unachoweza kukifikia.

Usianze kwa kumwandikia mkurugenzi mkuu. Ombi lako litapelekwa kwa ofisa uhusiano, naye atakupa ripoti ya mwaka na kipeperushi. Anza na ile orodha ya watu kumi, na uombe kuunganishwa na mtu wa kati: mkuu wa idara ya utafiti, meneja wa uzalishaji, mhandisi anayesimamia ubora. Mtu huyo ana tatizo ambalo angependa kulizungumza, na ana mamlaka ya kutosha kukukaribisha bila kuitisha kikao cha bodi. Mwombe dakika 30, si data. Katika dakika hizo msikilize kuhusu kazi yake, na mwishoni mwulize ni jambo gani angependa mtu wa nje amchunguzie. Mara nyingi jibu lake na swali lako hukutana mahali, na hapo panatosha kuanzia.

Ofisi ya uhawilishaji wa teknolojia ya chuo chako, yaani ile inayoshughulikia kupeleka uvumbuzi wa chuo kwa kampuni, nayo ni mlango mzuri, maana inayo orodha ya mikataba yote iliyosainiwa. Ila kumbuka kwamba inaweka kumbukumbu za yale tu yaliyopitia ofisini humo. Mhadhiri aliyemsaidia rafiki yake wa kiwandani jioni moja hayumo katika faili zake.

*Tahadhari:* usiahidi faida. Mtafiti anayeahidi kwamba utafiti wake utaongeza mauzo amejigeuza mshauri wa biashara, na atadaiwa kama mshauri. Ahidi unachoweza kukitoa: ripoti fupi, mjadala na wafanyakazi, na ulinganisho wa hali yao na ya kampuni nyingine bila kuzitaja majina.

5. Andikeni makubaliano kabla ya mahojiano ya kwanza. Hatua hii naisisitiza kuliko zote, kwa sababu niliijifunza kwa hasara. Nilipokuwa mwaka wa pili wa uzamivu nilikaribishwa katika kampuni moja na mkuu wa utafiti aliyekuwa mkarimu mno. Tulikubaliana kwa maneno na nikafanya mahojiano 19 katika muda wa miezi saba. Kisha akahamishwa. Aliyeshika nafasi yake aliniuliza swali moja la haki kabisa: kibali chako kiko wapi? Sikuwa nacho, nikazuiwa kutumia hata sentensi moja ya mahojiano yale, na sura mbili za tasnifu yangu zikaanza upya.

Makubaliano hayahitaji kuwa marefu. Kurasa mbili au tatu zinatosha kama zinajibu maswali manne: data zipi zitatolewa, nani ataziona, jina la kampuni litafichwa au la, na uchapishaji utakuwaje. Swali la mwisho ndilo lenye uzito. Kifungu unachokitaka kinasomeka hivi: "Mtafiti ataipatia Kampuni rasimu ya makala siku 30 kabla ya kuiwasilisha. Kampuni inaweza kuomba kuondolewa kwa taarifa za siri zilizotajwa katika Kiambatisho A, au kuahirishwa kwa uchapishaji kwa muda usiozidi siku 90 ili kulinda uvumbuzi. Kampuni haitazuia uchapishaji kwa sababu nyingine." Kifungu unachopaswa kukikataa ni kile kinachosema kwamba chapisho lolote litahitaji idhini ya maandishi ya kampuni, basi. Maneno hayo machache yanampa mtu mmoja uwezo wa kuifungia kazi yako ya miaka mitatu bila kutoa sababu.

Ombi la kuahirisha si la hila. Katika nchi za Ulaya, uvumbuzi uliokwisha kutangazwa hadharani kabla ya maombi ya hataza kwa kawaida hupoteza sifa ya upya, ilhali Marekani humpa mvumbuzi mwaka mmoja wa nafuu. Kampuni inayoomba siku 90 inalinda kitu halisi. Inayoomba miaka miwili, iulize ni kwa nini, na ipeleke hoja kwa mwanasheria wa chuo. Uingereza inayo mikataba ya mfano iitwayo Lambert, inayopatikana bure, ambayo ni kielelezo kizuri hata kwa anayetumia sheria za nchi nyingine.

Fahamu pia nani anamiliki uvumbuzi katika chuo unachokichunguza, kwa sababu sheria hazifanani. Denmark mwaka 2000, Ujerumani mwaka 2002 na Norway mwaka 2003 ziliiondoa haki ya mhadhiri kumiliki uvumbuzi wake na kuihamishia kwa chuo. Sweden imeendelea kumwachia mhadhiri. Anayelinganisha hataza za vyuo vya nchi hizi bila kuijua tofauti hiyo atakuwa analinganisha sheria huku akidhani analinganisha vipaji.

6. Kusanya data huku ukijua kila aina inaficha nini.

Katika mahojiano, swali la jumla huleta jibu la jumla. Ukimuuliza meneja, "Mnashirikianaje na vyuo vikuu?" atakujibu kwamba wanathamini ushirikiano, nawe utaandika sentensi ambayo ungeweza kuinakili kutoka kwenye tovuti yao. Muulize hivi badala yake: "Mradi wa mwisho mlioufanya na chuo ulianzaje? Nani alimpigia nani simu?" Atanyamaza kidogo, ataangalia dari, kisha ataanza: kulikuwa na mashine iliyokuwa ikipasua vifuniko, fundi mmoja akamkumbuka mwalimu wake wa zamani, wakaenda kumwona wakiwa na vifuniko vitatu vilivyopasuka ndani ya mfuko wa karatasi. Sasa umepata data. Endelea na "kisha ikawaje?" mpaka mwisho, na omba kuona barua pepe ya kwanza au kumbukumbu za kikao cha kwanza, kwa sababu watu hukumbuka mwanzo kwa namna inayoendana na mwisho walioupata. Andika muhtasari wa mahojiano jioni ile ile, hata kama umerekodi sauti.

Idadi ya visa, yaani kampuni au miradi unayoichunguza kwa undani, huwasumbua wengi. Kathleen Eisenhardt, katika makala yake ya mwaka 1989 inayotumiwa sana, alipendekeza visa kati ya 4 na 10, na pendekezo hilo bado lina mantiki: vikipungua sana unakosa cha kulinganisha, vikizidi sana unashindwa kukijua hata kimoja kwa undani.

Hataza nazo zina mitego. Maombi kwa kawaida hutangazwa miezi 18 baada ya kuwasilishwa mara ya kwanza, kwa hiyo mchoro wako utaonyesha ubunifu ukiporomoka katika miaka miwili ya mwisho ilhali kilichopungua ni kumbukumbu zilizokwisha kutangazwa. Kata miaka hiyo au uieleze. Pia, jina la kampuni moja linaweza kuandikwa kwa namna nyingi: kwa kifupisho, kwa jina la kampuni tanzu, au kwa herufi iliyokosewa. Kuyasafisha majina huchukua wiki, na hakuna njia ya mkato isipokuwa kuyapitia. La muhimu zaidi, katika nchi nyingi za Ulaya hataza nyingi ambazo mvumbuzi wake ni mhadhiri zimesajiliwa kwa jina la kampuni. Ukitafuta kwa jina la chuo pekee hutaziona kabisa, na utaishia kuandika kwamba wahadhiri hao hawavumbui.

Dodoso lina shida yake: mtu yule yule akijibu kuhusu ubora wa ushirikiano na kuhusu mafanikio ya kampuni, hali yake ya siku hiyo itaingia katika majibu yote mawili na kukupa uhusiano usiokuwepo. Tenganisha wajibuji, au chukua mafanikio kutoka kwenye hesabu za kampuni. Kama unatumia tafiti za kitaifa za ubunifu, kumbuka kwamba toleo la mwaka 2018 la Mwongozo wa Oslo lilipunguza aina za ubunifu kutoka nne hadi mbili, yaani wa bidhaa na wa michakato ya biashara. Usiunganishe miaka ya kabla na ya baada kana kwamba kilichopimwa ni kile kile.

7. Changanua kwa kuwatafuta wasiokuwepo. Kampuni zinazoshirikiana na vyuo kwa kawaida ni kubwa zaidi, zina wahandisi wengi zaidi na zilikuwa zikifanya vizuri hata kabla ya kushirikiana. Ukizilinganisha na zisizoshirikiana utakuta zinafaulu zaidi, na hutajua kama ni kwa ajili ya chuo au kwa ajili ya nguvu zilizokuwa nazo tangu mwanzo. Tafuta ulinganisho wa haki: kwa mfano, kampuni zilizoomba ruzuku ya mradi wa pamoja na kukosa kwa alama chache, ukiziweka kando ya zile zilizopata kwa alama chache. Kwa anayetumia visa, kanuni ni hiyo hiyo kwa sura nyingine: kila unapochagua mradi uliofanikiwa, tafuta uliovunjika. Miradi iliyovunjika ni migumu kuipata kwa sababu hakuna anayeitangaza, lakini ndiyo inayoonyesha ni sharti gani lilikosekana.

8. Andika, kisha chagua jarida kwa kuangalia mjadala. Tazama orodha ya marejeo yako: jarida linalojitokeza mara nyingi ndilo lenye wasomaji wako. Research Policy hupokea kazi pana za ubunifu na sera; Strategic Management Journal hutaka mchango katika nadharia ya mkakati; Journal of Technology Transfer na Technovation huwa karibu zaidi na masuala ya vyuo na viwanda; R&D Management inawajali pia wasimamizi wa maabara. Makala moja ibebe hoja moja. Kabla ya kuiwasilisha, ipeleke kwenye mkutano wa kitaaluma kama DRUID au Globelics, ambako watu watakuuliza maswali yale yale ambayo wahakiki wa jarida wangekuuliza miezi minane baadaye.

Ukipokea maoni ya wahakiki, yaweke kwenye jedwali la safu tatu: walichosema, ulichofanya, ukurasa. Jibu kila hoja, hata ile usiyokubaliana nayo, kwa heshima na kwa ushahidi.

9. Rudi kwa kampuni. Peleka ripoti ya kurasa nne isiyo na istilahi, na uombe saa moja ya kuijadili na waliokukaribisha na uliowahoji. Katika saa hiyo utasahihishwa makosa ya ukweli, na mara nyingi ndipo kunapozaliwa mradi wa pili. Watafiti wanaochukua data na kutoweka wanawafungia njia wanafunzi watakaokuja nyuma yao, na nimekutana na meneja zaidi ya mmoja aliyeniambia kwamba hatampokea mtafiti tena kwa sababu hiyo.

10. Panga ajira mapema. Katika mwaka wa mwisho wa uzamivu uwe na makala moja iliyokubaliwa au iliyo katika marekebisho, nyingine ikiwa rasimu kamili, na somo moja uliloweza kulifundisha peke yako. Idara za biashara, uhandisi na sera za umma zote huajiri watu wa uwanja huu, lakini kila moja hutaka ujieleze kwa namna yake: ya biashara itauliza unafundisha mkakati gani, ya uhandisi itauliza unaijua teknolojia gani kwa undani, ya sera itauliza serikali ifanye nini kwa matokeo yako. Andaa majibu matatu tofauti kwa utafiti ule ule mmoja.

Mambo yakikwama

*Hakuna kampuni inayojibu.* Badilisha unachokiomba kabla hujabadilisha kampuni. Ombi la data likikataliwa mara tano, jaribu ombi la mazungumzo ya dakika 30. Likikataliwa nalo, anza na data zilizo wazi, kama hataza na machapisho ya pamoja ya wahadhiri na wahandisi, kisha uende kwa kampuni ukiwa na mchoro unaoihusu. Watu huvutiwa kuona kinachoonekana kuwahusu kutoka nje.

*Mwenyeji wako amehamishwa au ameacha kazi.* Kama una makubaliano yaliyosainiwa na kampuni, mwandikie aliyeshika nafasi yake wiki hiyo hiyo, ambatanisha nakala, na uombe kikao. Kama makubaliano yalisainiwa na mtu binafsi na si kampuni, omba yasainiwe upya kabla hujaendelea.

*Mahojiano yote yanasema kitu kimoja.* Yumkini umewahoji watu wa ngazi moja. Shuka kwa mafundi, nenda kwa mhasibu aliyelipa ankara za mradi, na uwatafute waliokuwa upande wa chuo.

*Makala imekataliwa bila kupelekwa kwa wahakiki.* Mara nyingi maana yake ni kwamba mhariri hakuona inazungumza na nani. Andika upya utangulizi, ukianza na tatizo ambalo wasomaji wa jarida hilo wanalijadili, na uipeleke kwingine ndani ya mwezi mmoja.

*Matokeo ya takwimu yanabadilika kila unapoongeza kigezo.* Rudi hatua ya 7. Karibu kila mara ulinganisho wako si wa haki, na kuongeza vigezo zaidi hakutautibu.

*Kampuni imesoma rasimu na inataka matokeo yasiyoipendeza yaondolewe.* Fungua makubaliano, soma Kiambatisho A pamoja nao, na uulize kila sentensi wanayoipinga imo katika taarifa zipi za siri. Zilizomo, ziondoe au zifiche utambulisho wake. Zisizomo zinabaki, waeleze hilo kwa upole, kwa maandishi, nakala kwa msimamizi wako, na uwape nafasi ya kuandika maelezo yao ya aya moja ambayo utayaweka ndani ya makala.